Nakwenda kufanya kazi Mürren msimu wa skii: nisaidieni kukijua kijiji

Rehema_Jikoni

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni mlionitangulia.

Nimepata mkataba wa jikoni katika hoteli moja ya Mürren, Uswisi, kuanzia katikati ya Desemba mpaka Aprili. Kibali ninacho, mume wangu ni mkazi wa huku na tumeishi Bern mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo upande wa makaratasi haunisumbui. Kinachonisumbua ni maisha yenyewe. Nimefika kule mara moja tu, siku ya usaili mwezi Septemba. Nikaona ng'ombe wenye kengele shingoni, nyumba za mbao zilizopigwa na jua mpaka zimekuwa nyeusi, halafu mawingu yakashuka nisione tena kitu. Wakati wa theluji sijawahi kupaona.

Mpishi mkuu alinipeleka dirishani akaniambia kwa fahari, "Hapa ndipo mbio za skii zilipozaliwa." Niliitikia kwa adabu ila sikumwelewa. Kijiji chenye watu wasiofika 500 kimezaaje mchezo wa dunia nzima? Sipendi kukaa miezi minne mahali nisipopajua, nikawa mtu wa kumenya viazi na kulala.

Jingine, hakuna magari. Vitu vinafikaje? Mtu akizidiwa usiku anatolewaje? Na maporomoko ya theluji, hilo niseme wazi, linaninyima usingizi. Skii pia sijui, sijawahi hata kuzivaa.

Mwenye kuishi kule au kijiji cha namna ile anieleze taratibu, nina muda wa kusoma.

---

Mkokoteni_wa_Umeme

Marahaba, dada Rehema. Nimekusoma mara mbili, kwa sababu maswali yako ni yale yale niliyokuja nayo mimi, ila mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Mimi ni mbeba mizigo wa hoteli hapa hapa Mürren. Huu ni msimu wangu wa kumi na moja. Kijiji nakijua kwa vitu vinavyopanda na vinavyoshuka, basi nitakueleza kwa njia hiyo.

Mürren imekaa juu ya rafu ya mlima, mita 1,638 kutoka usawa wa bahari. Rafu, si bonde. Ukingo wa kijiji ndio mdomo wa genge, na chini yake, karibu mita 800, ndilo bonde la Lauterbrunnen. Ng'ambo imesimama milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau, karibu kiasi kwamba siku ya kwanza nilidhani nikirusha jiwe litafika. Gari la mgeni linaachwa bondeni. Kutoka Lauterbrunnen unapanda gari la kebo mpaka Grütschalp, kisha unahamia kwenye treni ndogo inayoambaa juu ya genge kilomita nne na kitu mpaka Mürren. Njia nyingine inaanzia Stechelberg, mwisho wa bonde, kwa gari la kebo.

Utakapopanda lile la Lauterbrunnen, kabla hujaingia, inama uangalie chini ya kibanda cha abiria. Utaona jukwaa limening'inizwa. Hilo ndilo tumbo la kijiji. Nyama, mboga, maziwa, mitungi ya gesi, mbao, vipuri, masanduku ya wageni, shuka zilizofuliwa, vyote vinaning'inia chini ya miguu ya watu wanaopiga picha. Grütschalp vinahamishiwa kwenye treni, na Mürren tunavipokea sisi na mikokoteni yetu ya umeme. Viazi vyako utakavyomenya vitakuwa vimeshikwa na mikono isiyopungua mitatu tangu bondeni, na wa mwisho huenda ni wangu. Takataka zinarudi kwa njia hiyo hiyo. Hata wafu. Misimu miwili iliyopita nilimpokea stesheni bibi mmoja wa kijiji aliyekuwa amefia hospitali bondeni, amerudishwa kuagwa. Treni ilikuwa imejaa vijana na skii zao, na aliyewaambia nani yumo ndani ya lile sanduku simjui, ila walivua kofia wote, kimya, mpaka tulipomfunika na kuondoka naye. Theluji ilikuwa inadondoka polepole. Siku ile ndipo nilipoacha kuona hapa kama mahali pa mapumziko ya watu wengine.

Sasa hayo ya mpishi mkuu. Alisema kweli, lakini aliruka sehemu ninayoipenda zaidi: majira ya baridi ya hapa yalitengenezwa. Hayakuwepo.

Wenyeji wa mwanzo walivuka milima kutoka bonde la Lötschental, karne ya 13 na ya 14, wakajenga Gimmelwald, Mürren na vitongoji vingine vya huku juu. Walikuwa wafugaji. Kwao theluji ilikuwa muda wa kukaa ndani na ng'ombe na nyasi kavu, ukiomba akiba ifike mwezi wa tano. Baadaye wakaja wageni, hasa Waingereza, lakini wa kiangazi, kutazama milima na kupumua. Reli ilifunguliwa mwaka 1891 kwa ajili yao hao. Kile kipande cha chini kilichopanda Grütschalp kilikuwa treni ya kuvutwa kwa kebo juu ya reli, mwanzoni ikiendeshwa kwa uzito wa maji: behewa la juu linajazwa maji, linashuka, linalivuta la chini. (Ilikuja kuvunjwa, na gari la kebo unaloliona lilianza kazi mwaka 2006.) Wageni wakiondoka, reli inafungwa. Fikiria hoteli zote hizo, madirisha yamepigwa mbao, miezi na miezi, na theluji ikianguka juu ya mapaa bila mtu wa kuitazama isipokuwa wenye ng'ombe.

Msimu wa 1910 kwenda 1911, Mwingereza aitwaye Henry Lunn, mfanyabiashara wa safari, akawashawishi wenye reli waiendeshe wakati wa baridi. Ni hilo tu. Treni ikapita kwenye theluji, hoteli zikafunguliwa, wageni wakaja. Mwaka 1912 wakaongeza treni fupi ya kebo ya kupanda Allmendhubel, juu tu ya kijiji, ili watu washuke wakiteleza. Ipo mpaka leo, utaiona ukitoka jikoni.

Halafu vita. Mwaka 1916 Uswisi ilikubali kupokea wafungwa wa vita waliojeruhiwa na kuugua, na Waingereza kwa mamia wakaletwa Mürren kukaa kwenye hoteli zile zile. Walikuwa watu waliopoteza viungo na mapafu, na huku hawaruhusiwi kwenda popote mpaka vita iishe au wabadilishanwe. Mwana wa Henry, Arnold Lunn, alifanya kazi miongoni mwao. Huyu Arnold mwenyewe alikuwa mlemavu kidogo: mwaka 1909 alianguka akipanda mwamba kule Wales, akavunjika mguu vibaya, ukapona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Jeshi halikumchukua. Mimi huwa namfikiria mtu huyu akichechemea kwenye njia ile ile ninayopitisha mkokoteni.

Ndiye aliyekaa chini akajiuliza: tunampimaje mtu anayeshuka mlima? Wakati ule heshima ya skii ilikuwa kukimbia masafa marefu na kuruka, na kwenye kushuka kwa kupinda walitazama umaridadi wa mtelezaji. Januari 1922, hapa Mürren, Arnold akapanga bendera mbili mbili ziwe malango mteremkoni, akasema mwamuzi ni saa. Pita kati ya kila jozi, na wa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Hiyo ndiyo slalomu unayoiona kwenye televisheni leo. Mwaka 1924 yeye na wenzake wakaunda hapa klabu ya skii ya Kandahar. Jina hilo ni la mji wa Afghanistan. Lilifika huku kupitia Lord Roberts wa Kandahar, jenerali wa Uingereza aliyekuwa ametoa kikombe cha mashindano. Na mwaka 1931 mashindano ya kwanza ya dunia ya skii za milimani yakafanyika Mürren, ya kushuka na ya slalomu, wanaume na wanawake. Esmé Mackinnon wa Uingereza alishinda zote mbili za wanawake. Yakarudi tena hapa mwaka 1935. Kuna jiwe la kumbukumbu ya Arnold kijijini, muulize mpishi akuonyeshe.

Kwa hiyo dada, kijiji hakikuzaa mchezo kwa sababu kilikuwa kikubwa. Kilikuwa kidogo, hakina barabara, na wageni wale wale walikutana kila jioni kwenye kumbi zile zile wiki kadhaa, wakibishana. Ukiwaweka watu wabishi mahali ambapo hawawezi kwenda kwingine, kitu hutokea.

Nitarudi kwenye maporomoko, zamu inaanza.

---

Tatu_Bondeni

Dada Rehema, hongera kwa kazi. Mimi nasafisha vyumba upande wa Lauterbrunnen, mwaka wa sita. Kaka hapo juu kamaliza historia, mimi nakuletea ya mkataba, maana nimeona wengi wanatia saini wakiangalia mshahara tu.

Hoteli na migahawa ya Uswisi ina mkataba wa pamoja wa nchi nzima, unaitwa L-GAV. Omba nakala, ipo kwa lugha kadhaa. Ndani yake kuna mshahara wa mwezi wa 13 (yaani mshahara mmoja wa ziada kwa mwaka), wiki tano za likizo kwa mwaka (wewe utapata sehemu yako kulingana na miezi utakayofanya), na siku mbili za mapumziko kwa wiki. Saa za kawaida ni 42 kwa wiki, lakini hoteli za msimu zinaruhusiwa 43.5, na biashara ndogo 45. Uliza wewe umewekwa kundi gani, na uandike saa zako kwenye daftari lako mwenyewe kila siku. Msimu wangu wa kwanza, mahali nisipopataja, karatasi yao na ya kwangu zilitofautiana saa 31. Daftari ndilo lililonipa haki yangu, wala sikupandisha sauti.

La pili ni makato. Kama hakuna maandishi mengine, chakula na malazi vinahesabiwa kwa viwango vya bima ya uzee: faranga 33 kwa siku, yaani 990 kwa mwezi ukila milo yote na kulala kwao. Siku ambazo huli pale, usikatwe chakula. Na chumba uliza kabla: ni chako peke yako au cha wawili, na kina dirisha upande gani. Usione aibu kuuliza dirisha. Desemba jua huchelewa kutokea nyuma ya milima, nawe utakuwa jikoni asubuhi na jioni, kwa hiyo ile saa moja au mbili za mchana ndizo zako. Zitumie nje, hata kama umechoka. Mimi msimu wa kwanza nilizilala zote, na kufika Februari nilikuwa nalia bila kujua ninalilia nini.

Vyumba vya kupanga kijijini usivitegemee. Nyumba nyingi ni za wenye nazo wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kwamba nyumba za aina hiyo zisizidi asilimia 20 katika kila manispaa, hivyo mpya kama hizo hazijengwi ovyo, lakini zilizokuwepo zipo na taa zake zimezimwa. Ukipita Novemba utaona mtaa mzima wa madirisha meusi. Linaniuma kila mwaka, maana vijana waliozaliwa huku nawafahamu, wanashuka kuishi Interlaken kwa kukosa pa kulala kwao.

---

Kutoka_Oslo

Salaam wote. Naongeza tone moja tu kwa heshima ya Wanorwe ninaoishi nao. Neno slalomu ni lao. Ni *slalåm*, la mkoa wa Telemark: *sla* ni mteremko, *låm* ni alama au njia inayoachwa kwenye theluji. Huko Morgedal, katika karne ya 19, watu walikuwa wanashuka wakipinda kati ya vizuizi, na Sondre Norheim wa huko anakumbukwa kwa namna alivyofunga skii kisigino kisiyumbe, jambo lililowezesha kupinda na kuruka kwa uhakika. Arnold Lunn alilikuta neno, akalipa malango na saa. Naona ni haki kumpa kila mtu chake.

---

Rehema_Jikoni

Jamani, sijui niwashukuruje. Nimemsomea mume wangu yote, hata yeye hakuyajua ya wafungwa wa vita.

Dada Tatu, leo asubuhi nimepiga simu kuuliza dirisha. Wamesema chumba ni cha watu wawili, kinaangalia upande wa mlima nyuma, lakini wakasema naweza kubadilishana Januari. Nimeomba waandike.

Kaka wa mkokoteni, nakusubiri kwenye maporomoko. Na je, upweke? Wenyeji wanakupokea, au unabaki mtu wa msimu daima?

---

Mkokoteni_wa_Umeme

Nimerudi, dada. Na ndugu wa Oslo asante, nimejifunza, kesho nitamwambia fundi wa skii wa hotelini.

Maporomoko. Sikudanganyi kwamba hayapo. Majira ya baridi ya 1951 yaliua watu 98 Uswisi, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Baada ya hapo nchi ilijenga vizuizi vya chuma juu ya miteremko, ikachora ramani za maeneo ya hatari, ikakataza kujenga humo. Februari 1999 theluji ilianguka tena kwa kiasi cha kutisha, mabonde yakakatika siku nyingi. Wengen, ng'ambo yetu pale, watu wawili walikufa. Nchi nzima walikufa 17. Kila mmoja wao ni mtu, lakini linganisha 17 na 98 uone kazi iliyofanyika katikati.

Leo taasisi ya theluji ya Davos hutoa taarifa ya hatari kila siku ya msimu, saa kumi na moja jioni na tena saa mbili asubuhi. Ngazi ni moja mpaka tano. Wanaokufa siku hizi karibu wote wako nje ya njia zilizotengenezwa, na mara nyingi poromoko limeanzishwa na miguu yao wenyewe au ya mwenzao. Njia utakazopita wewe, chumbani, jikoni, stesheni, dukani, si huko. Baada ya theluji nyingi utaamshwa na mshindo alfajiri, halafu mwingine. Usiruke kitandani. Ni wafanyakazi wa milimani wanalipua theluji iliyoning'inia kabla wageni hawajatoka. Mimi sasa nikiusikia nageuka upande wa pili nikalala, kwa sababu najua kuna watu wameamka kabla yangu kwa ajili yangu.

Mgonjwa wa usiku: helikopta zina kituo bondeni Lauterbrunnen, na zinafika haraka hali ya hewa ikiruhusu. Ikikataa, kuna kebo. Namba 144 ni ya gari la wagonjwa, 1414 ni ya uokoaji wa anga. Zihifadhi kwenye simu leo.

Kitakachokusumbua wewe hasa ni upepo. Kuna upepo wa kusini unaitwa Föhn, mkavu, wa joto, unashuka milimani kama umefunguliwa mlango wa tanuri. Theluji inalegea ndani ya saa chache, kichwa kinauma, watu wanakuwa wakali bila sababu. Ukizidi, magari ya kebo yanasimama. Msimu wangu wa nne yalisimama tangu mchana mpaka siku ya pili, na mzigo wetu wa mboga ukabaki bondeni. Hoteli ilikuwa imejaa. Mpishi wetu wa wakati ule, mama mmoja Mreno, akanituma niende na mkokoteni kwa majirani watatu. Mmoja alitoa vitunguu, mwingine kabichi, wa tatu, mzee mwenye ng'ombe wachache, akatoa jibini gurudumu zima na viazi vya stoo yake, akakataa fedha. Aliniambia mama yake alilisha watu kwa viazi vya stoo ile ile wakati kebo haikuwepo. Usiku ule wageni walikula jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi, na wengine waliandika baadaye kwamba kilikuwa chakula bora cha safari yao. Wewe utakuwa jikoni, basi nakusihi: usingoje upepo ndipo ujue nani ana stoo. Jitambulishe mapema.

Hapo ndipo swali lako la upweke. Wenyeji wa hapa hawana maneno mengi, nawe usilichukue kama dharau. Wageni wanaolala hapa msimu ukiwa umejaa ni mara kadhaa ya wenyeji, na wafanyakazi tunabadilika kila mwaka. Mtu hawezi kufungua moyo kwa kila uso. Wanangoja waone kama utarudi. Mimi walianza kuniita kwa jina msimu wa tatu. Lakini salamu ni lazima tangu siku ya kwanza: *Grüessech* kwa kila unayekutana naye njiani, mkubwa kwa mdogo, na *merci* unapopewa kitu. Ukipita kimya, utakumbukwa kwa kimya hicho. Kijerumani chako cha darasani kitaeleweka, ila wao wakiongea wenyewe kwa wenyewe hutashika kitu miezi miwili ya kwanza. Kaa nao tu. Sikio linafunguka.

Mwezi Januari kuna mbio zinaitwa Inferno. Zilianza mwaka 1928, watu 17, kutoka kilele cha Schilthorn, mita 2,970, mpaka chini Lauterbrunnen. Hakukuwa na gari la kebo wakati ule. Walipanda kwa miguu saa nyingi, skii begani, ndipo washuke. Mshindi wa kwanza, Harold Mitchell, alitumia zaidi ya saa moja. Sasa wanakuja watu 1,850, karibu kilomita 15 theluji ikikubali kufika bondeni. Ikikosa, wanakatisha njia, na miaka ya karibuni theluji ya bondeni imekuwa ya kubahatisha. Siku hizo wanachoma sanamu ya shetani hadharani, usiku, na kijiji chote kinatoka. Omba ruhusa ya nusu saa ukatazame. Mpishi mkuu akikataa, niambie, nitamletea kreti zake za mwisho kabisa.

Kileleni pale Schilthorn kuna mgahawa unaozunguka. Gari la kebo la kufika huko lilikamilika mwaka 1967, na waigizaji na mafundi wa filamu moja ya James Bond wakapiga kambi humo, wakasaidia kumalizia jengo, wakaliachia na jina lake, Piz Gloria. Wageni watakuuliza kila siku, ni vizuri ujue. Vile vile watakuuliza gari la kebo jipya la Stechelberg, lililofunguliwa Desemba 2024. Mwinuko wake ni asilimia 159.4, hakuna jingine duniani la mkali hivyo. Nilipanda siku za mwanzo, nikashika chuma kwa mikono miwili, na dakika nne baadaye nilikuwa kijijini. Nikamkumbuka mzee wa jibini aliyeniambia babu yake alishuka bondeni mara mbili kwa mwaka.

Skii jifunze. Nasema hivi nikijua utachoka. Usinunue, azima au kodi, na usimfuate kijana wa mapokezi anayesema atakufundisha kwa siku moja juu ya Schilthorn. Njia ya kutoka kileleni ni ya wazoefu. Anza kwenye mteremko mdogo wa watoto. Mimi nilikuwa na miaka 34, nikianguka katikati ya watoto wa miaka minne, na mwalimu wao ndiye aliyenishika mkono. Mwezi wa pili nilishuka kutoka Allmendhubel mpaka kijijini bila kuanguka, mchana, peke yangu, theluji imekaza, Eiger mbele yangu ikiwa na wingu dogo kiunoni. Nilisimama chini pale nikashindwa kuondoka. Nilikuwa nimepitisha mizigo mahali pale mara mia, sikujua mteremko ule unahisiwaje mwilini.

Viatu sasa, hili ni la haraka. Nunua vile vyuma vidogo vya kuvalisha chini ya kiatu. Njia za kijiji zinakuwa kioo Januari, na kutoka mlango wa nyuma wa jikoni mpaka kwenye mapipa ndipo wapishi wengi wanapovunjika mkono.

Aprili, hoteli zikifungwa, usikimbilie treni ya kwanza. Kaa siku mbili kama wanaweza kukuachia chumba. Theluji inayeyuka juu ya mapaa, maji yanalia kila mahali, lifti zimesimama, na wenyeji wanatoa viti nje kukaa juani kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Siku hizo ndizo wanazoongea.

Andika hapa treni utakayokuja nayo. Kama niko zamu nitakupokea stesheni, begi lako lipande mkokotenini, nikuonyeshe mlango wa jikoni ulipo.

---

Rehema_Jikoni

Jumamosi ya tarehe 13 Desemba, kaka, nikitoka Bern asubuhi. Begi ni moja tu, lakini lina sufuria yangu. Nitaangalia chini ya kibanda kabla sijapanda.